Mguu Haukuguswa, Umri Ndio Uliopimwa

Siku ya nne baada ya nusu marathoni ya Moshi nilikwenda kituo cha afya, mapaja yakiniuma. Kijana aliyenipokea aliniamkia vizuri, nikaitika marahaba. Akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa kwenye karatasi, akasema: "Mzee wangu, kwa miaka 56 mbio achana nazo. Tembea tu jioni." Mguu wenyewe hakuugusa. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira haijaniisha.

Anayeijua barabara ya Mweka, mbio zilikopita, anajua kilichoniuma. Kupanda kunakutoa pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza: kila hatua paja linavutwa huku limekaza lisikuachie uporomoke, na nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo. Nilipokuwa na miaka 30, Jumatatu niliumwa, Jumanne nikawa mzima. Safari hii hadi Alhamisi nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, kiganja ukutani. Misuli ya umri wangu inajirekebisha vilevile, ila inataka siku zaidi.

Kuna kinachopotea, lazima nikubali. Neva zinazoamrisha misuli hupungua na umri, na nyuzi za kasi, zile za kumalizia mbio kwa kishindo, ndizo zinazotangulia kusinyaa. Nyuzi za polepole, zinazombeba mtu wa mbio ndefu, hudumu ukizitumia. Mwethiopia Kenenisa Bekele alishika nafasi ya pili marathoni ya London 2024 akiwa na miaka 41, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15. Mkanada Ed Whitlock, miaka 73, alikimbia kilomita 42 kwa saa 2 na dakika 54. Nani angemwambia huyo atembee tu jioni?

Wakimbiaji wenzangu nao nina neno nao. Tunadhani vyuma ni vya mabaunsa. Tunaamka alfajiri, tunajaza kilomita wiki nzima, tunashangaa hatua zinafupika mwaka hadi mwaka. Zinafupika kwa sababu kigimbi kimepoteza nguvu ya kusukuma ardhi, na mwendo wa taratibu hauzifikii nyuzi za kasi. Hizo zinaamshwa na uzito. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 86 hadi 96, wakaazi wa nyumba ya kulelea wazee, walionyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka 90! Misuli yao ilikuwa bado inasikia, ilikosa tu wa kuiambia kitu. Kila nikikumbuka hilo nawafikiria mama zetu wanaoshindwa kuinuka kwenye kigoda, nasi tumekubali kwamba ni uzee tu.

Chakula nacho: misuli ya mtu mzima inahitaji protini zaidi katika kila mlo kuliko ya kijana, kwa hiyo chai na andazi baada ya kilomita 15 havitoshi. Ongeza mayai, dagaa, maharage. Na baada ya mteremko mkali, pumzika siku mbili zaidi ya ulizozoea.

Barazani kwangu sasa kuna ndoo mbili za mchanga. Nasimama ukingoni mwa ngazi nimezishika, visigino hewani, napanda kwa vidole mara 15, nashuka taratibu nikihesabu hadi nne. Mama mmoja wa kundi letu, ana miaka 61, ameanza kuja na ndoo zake.