Anza na matembele

Msimu wangu wa kwanza nilipanda nyanya, hoho na karoti. Wengi huanza hivyo: unaingia duka la pembejeo, unaona picha zinazong'aa kwenye pakiti za mbegu, unachukua kile unachotamani kukila. Nilipanda vyote kwa mkupuo nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam, kwenye mchanga mtupu niliouchimba kwa jembe la kuazima. Karoti hazikuota. Hoho zilidumaa, zikanyauka. Nyanya zilishika vizuri, kisha majani yakajaa mabaka meupe ya kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na ambaye bado anawaliza hata wakulima wazoefu.

Niliumia sana. Kilichonirudisha bustanini ni kiroba cha samadi.

Nilikuwa nimekinunua siku hiyo na nilikuwa tayari kukimwaga kwenye tuta. Mama jirani akanizuia. "Ingiza mkono humo ndani, mwanangu." Nikaingiza mpaka kwenye kiwiko. Juu palikuwa pamepoa, lakini katikati palikuwa na joto kama chungu kilichotoka kuepuliwa. "Bado mbichi hiyo, itakuunguzia miche yote. Iweke kivulini, uinyunyizie maji, uwe unaigeuza mpaka ufike wakati huwezi kuitofautisha na udongo."

Nilisubiri karibu miezi mitatu. Ilipoiva ilikuwa nyeusi, inamomonyoka mkononi, harufu ya zizi imeisha kabisa.

Ndiyo maana leo nasema bila kusita: fedha ya kwanza ya bustani isiende kwenye mbegu, iende kwenye udongo. Mchanga wetu huu haushiki maji. Unamwagilia asubuhi, saa sita umeshakauka. Samadi iliyooza ndiyo inayoushikisha unyevu na kuulisha mmea. Inanisikitisha kuona mtu anayeanza akishauriwa dawa ya kupulizia kabla hajaulizwa anapanda kwenye udongo gani.

Na mboga ya kuanzia ni matembele. Mbegu hununui, unaomba marando, yaani mashina yake yanayotambaa, kwa jirani. Kata kipande cha kama futi moja, pukutisha majani ya chini, fukia vifundo vitatu hivi, mwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tatu yangu yalikuwa yamelala chini yote, nikadhani yamekufa. Usiyang'oe! Siku ya saba niliinama nikaona kwenye kila kifundo kijani kidogo kimekunjika, chenye rangi ya zambarau, hakijafika hata ukubwa wa ukucha. Nilimwita mke wangu aje aone.

Mchicha unafuata. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo changanya na mchanga mkavu kabla ya kusia, la sivyo zitarundikana mahali pamoja. Ndani ya wiki tatu au nne unapunguzia mboga jikoni. Huna uwanja? Gunia lililojaa udongo mzuri linatosha, au ndoo iliyopasuka, mradi iwe na matundu chini.

Kuna watakaosema matembele ni mboga ya shida. Mimi siafiki. Mboga inayokuvumilia wakati bado unajifunza, kisha ukachuma na wiki mbili baadaye ukachuma tena shina lilelile, ni mwalimu.

Mvua za vuli zikianza nitaongeza bamia na nyanya chungu. Zile nyanya nyingine zisubiri kwanza. Samadi ya tuta lao bado ina joto.