Bando ndo lilikuwa linatulelea watoto, sasa imekuja wai-fai

Watu wanabishana mtoto akae kwenye simu masaa mangapi kwa siku, ila nikiangalia nyumba nyingi za hapa Dodoma naona aliyekuwa anapanga hayo masaa miaka yote sio baba wala mama, ni bando. Mama karudi jioni kutoka kazini Mtumba kachoka, mtoto anachukua simu, anaangalia katuni mpaka bando linakata, analia kidogo, yameisha. Sasa hivi huku Ilazo, Kisasa, Nzuguni watu wanafunga wai-fai ya kulipia kwa mwezi, haikati, na hapo ndo tumeshtuka kwamba nyumbani hapakuwa na utaratibu wowote, palikuwa na ukata tu.

Wapo wanaosema piga marufuku kabisa. Kwa watoto wadogo mi niko upande wao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, chini ya miaka 2 skrini hapana, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ndo vizuri. Alafu nenda kwenye nyumba yenye mtoto wa mwaka na nusu muda wa kula uone, simu imeegeshwa kwenye chupa ya chai, katuni inaimba, dada kashika kijiko cha uji anasubiri mdomo ufunguke, likiingia tangazo tu mdomo unafungwa. Simlaumu dada, mara nyingi mama mwenyewe ndo kaanzisha mana mtoto anashiba haraka, ila huyo mtoto hata hajui kama anakula.

Marufuku hiyohiyo ukiipeleka kwa wakubwa inaanza kuyumba. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kwenye mwongozo wao wa 2016 hawakutaja idadi moja ya masaa kwa wa miaka 6 na kuendelea, walisema weka mipaka isiyobadilika badilika, skrini isile usingizi wala muda wa kucheza. Na kucheza wapi sasa? Hizi nyumba zetu mpya za viwanjani kila mtu na geti lake, jirani humjui, umemfungia mtoto ndani kutwa alafu unamnyima na simu, acheze na nani, kuku? Wanaotetea simu hapo wana hoja, tena nzito. Kuna na masomo, vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, mwanafunzi wa fomu foo anayejisomea humo huwezi kumuweka kundi moja na anayeskroli.

Alafu kuna hawa wetu wa bweni. Miezi yote hagusi simu, shule imekataza, akija likizo ya Desemba anaifidia yote, anakesha mpaka alfajiri, saa tano asubuhi bado kalala mama anafoka. Kule alizuiwa tu, hakuna aliyemfundisha kujizuia, na hapo naona marufuku peke yake imefeli.

Australia toka Desemba 2025 wamezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na mzigo wameubebesha makampuni. Huku kwetu sheria kama hiyo ingemkamata nani wakati mtoto anaskroli kwa akaunti ya mama yake, tena anakutana na vitu alivyoletewa mama?

Mimi kwa hawa wa sekondari ningeacha kuhesabu masaa ya mchana nikapigania usiku, saa tatu simu zote zinakaa sebuleni kwenye chaji, wai-fai inazimwa. Mtoto aliyelala vizuri hata akiskroli mchana bado unaweza kuongea naye. Shida ya mpango wangu naijua, ligi ya mabingwa Ulaya mechi nyingi zinaanza saa nne au saa tano usiku, na baba mpira anauangalia kwa hiyohiyo wai-fai, sasa sijui nani atamwambia baba azime.