Karani wa mizani haoni urefu wa uzi

Wiki iliyopita nilipeleka shati kwa mama mmoja, fundi cherehani wa Mwanjelwa hapa Mbeya, anibadilishie kola. Lina miezi minne tu. Akalipitishia kiganja mgongoni, akaguna: "Kaka, hili uzi wake mfupi. Litaota vipele mpaka ulitupe." Hakuhitaji mashine. Nyuzi fupi za pamba zikisokotwa hazishikani vizuri, ncha zinachomoza, zikisuguliwa zinajiviringa. Ndivyo vile vidonge unavyovichuna ukiwa kwenye foleni Kabwe.

Nikarudi nyumbani na hamu ya kupima. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Simiyu, na alipokuja mwaka jana aliniletea pamba kidogo iliyokwishachambuliwa. Mbegu haikuwemo hata moja, nilikagua mwenyewe, maana Mbeya kwa miaka mingi imekuwa ukanda wa karantini, yaani pamba imezuiwa kulimwa, ili funza mwekundu anayeshambulia pamba asivuke kutoka nchi za kusini kwenda Kanda ya Ziwa. Nikabana kishungi kwa vidole gumba viwili, nikavuta, nikalaza ncha juu ya ncha, nikavuta tena, mpaka zikalala kama nywele zilizochanwa. Rula ikaonyesha milimita 28 hivi. Pamba ya duka la dawa haikufika hata nusu ya hapo. Mara nyingi hiyo hutokana na masalia ya viwanda vya nyuzi.

Kila uzi wa pamba ni seli moja iliyoota kwenye ganda la mbegu. Hurefuka kwa wiki tatu hivi, kisha hujijaza kwa ndani. Mvua ikikatika katika hizo wiki tatu, uzi unadumaa, hata mbegu iwe bora namna gani.

Sasa mfikirie mtafiti wa mbegu pale Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo huko Mwanza. Mche wake ustahimili ugonjwa wa mnyauko fuzari. Majani yawe na vinyweleo vya kuwasumbua wadudu wafyonzaji. Mkulima anataka kilo nyingi shambani, mwenye kiwanda anataka pamba nyingi nyeupe, yaani iliyotolewa mbegu, katika kila kilo anayonunua. Urefu wa uzi unakuja nyuma ya foleni hiyo, na una tabia ya kugombana na waliotangulia: ukichagua miche yenye nyuzi ndefu, mara nyingi uzito wa pamba nyeupe unapungua. Aina ya UK91 ilitoka 1991, UKM08 ikaja 2008. Kazi ya miaka yote hiyo siidharau.

Ninachokipinga ni kudai mbegu yenye uzi mrefu zaidi wakati ununuzi wetu ni uleule. Huku Mbeya tunalijua hili kwa maharage. Njano Uyole ikifika sokoni, mnunuzi anaiona rangi, anaifikicha, mnapatana bei papo hapo. Urefu wa uzi hauonekani hivyo. Kwenye kituo cha kununulia pamba, karani anaangalia kama ni safi au fifi (daraja la pili), kama imelowa, kama ina mchanga, kisha anasoma mizani. Aliyepalilia kwa wakati akapata milimita 29 na jirani yake wa milimita 26 wanaondoka na bei moja kwa kilo. Mimi ningekuwa huyo wa kwanza, msimu ujao ningetafuta mbegu inayozaa kilo nyingi na kuachana na mambo ya urefu. (Wanaotia maji na mchanga nao wamepiga hesabu hiyohiyo, ila kwa njia ya wizi.)

Halafu mara nyingi mbegu ya msimu ujao inatoka kiwanda kilekile cha kuchambua, ambako pamba ya vijiji vingi imemwagwa lundo moja. Nyuki nao wamekwisha kuchanganya chavua huko mashambani. Miaka michache tu, aina iliyochaguliwa mche kwa mche imekuwa kachumbari.

Kwa hiyo fedha ningeanza kuzipeleka kwenye vipimo. Kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ipande aina moja, pamba yake ichambuliwe peke yake, sampuli ipimwe urefu, nguvu na unene, na tofauti ya bei irudi kwa wanachama wake. Najua gari la kukusanya pamba halipendi kusubiri lundo la kijiji kimoja. Lisubiri.

Nilimuuliza mpwa wangu kama wakulima wa kwao wamewahi kuambiwa urefu wa uzi wao. Akacheka: "Mjomba, hata sisi tulio kiwandani hatuambiwi. Tunaambiwa robota ngapi."

Shati nimelichukua jana. Kola mpya imekaa vizuri, vipele vimehamia kwenye mikono.