Gari-nyumba la kustaafia: jipya au la mkononi?

"Mimi siwezi kumaliza uzee wangu kwenye godoro la mtu nisiyemjua." Shemeji alilisema hilo mara tatu kabla chai haijapoa. Mumewe, mzaliwa wa Tanga ambaye kabla ya kuhamia Ohio hakuwahi kumiliki gari ambalo Mjapani hajalichoka kwanza, akamjibu kwamba godoro hutupwa, nyumba ikabaki.

Wanataka kuuza nyumba yao na kuishi kwenye RV mwaka mzima, kama wafanyavyo wastaafu wengi wa Kimarekani: baridi ikianza wanashuka Florida au Arizona, joto likirudi wanapanda kaskazini wawe karibu na wajukuu. Kwa asiyezijua, RV ni nyumba ya magurudumu. Yapo magari-nyumba yenye injini yake, kuanzia ya ukubwa wa Hiace hadi ya ukubwa wa basi la mkoani, na yapo matela ya kukokotwa na pikapu. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Waliniita mimi kwa sababu niliendesha malori miaka 22, na wanaamini mtu wa matairi 18 anajua chochote chenye ekseli.

Mimi niko upande wa mume. Ila sababu anazozitoa mume sizikubali.

Yeye anafikiri kwa kichwa cha mtumba. Tumekulia kwenye Corolla na Noah zilizotoka Japani, na tumezoea kwamba gari lililotumika miaka saba au minane bado lina maisha mengine mbele yake. Kenya yenyewe imeweka kikomo cha miaka minane kwa magari yanayoingizwa nchini, na yakifika watu huyapokea kwa maombi kana kwamba yametoka kiwandani jana. Lakini Corolla ni chuma, imetengenezwa ikanyagwe kila siku. RV nyingi ni fremu ya mbao nyembamba au alumini, plaiwudi, gundi na pini, vyote vimefunikwa kwa bamba jembamba la nje, halafu nyumba nzima inapitishwa kwenye mashimo kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kinachoimaliza Corolla ni kilomita. Kinachoimaliza RV ni maji, na maji huingia hata ikiwa imeegeshwa. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba chombo chake "kimetembea kidogo sana", mimi masikio hunisimama. Matairi yamezeeka kwenye jua, mipira ya kuzibia madirisha imekauka, jenereta haijawashwa tangu lini, na juu ya paa hakuna aliyepanda kuangalia.

Tuanze na jipya, maana shemeji hana makosa yote. Godoro ni lake, harufu ni yake, na kama kuna uvujaji basi umeanza akiwepo. Benki zinalipenda: mkopo wa RV mpya unaweza kufika miaka 20, wakati chombo cha zaidi ya miaka kumi wakopeshaji wengi hawakigusi. Kambi binafsi nazo zina lile sharti lao la miaka kumi. Nyingi za kifahari hazipokei chombo kilichopita umri huo, ingawa ukituma picha na kikaonekana nadhifu, mara nyingi wanalegeza. Ukinunua jipya leo, una muongo mzima wa kuingia getini bila kuulizwa.

Na kuna waranti. Hapa ndipo nilipomwomba shemeji alete kile kijitabu alichopewa kwenye yadi walikokwenda kutalii wiki iliyotangulia. Tulikifungua mezani, yeye akivaa miwani. Waranti nyingi za RV ni za mwaka mmoja, na chache huongeza miaka miwili mitatu kwa fremu na kuta. Hilo alikuwa analijua. Asilolijua lilikuwa ukurasa wa nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: chombo hiki ni cha safari na mapumziko, na mtu akikifanya makazi ya kudumu, dhamana inapungua au haipo kabisa. Si watengenezaji wote wanaoandika hivyo, lakini ni wengi kiasi kwamba yeyote anayetaka kuhamia moja kwa moja lazima asome kabla ya kusaini. Kitu ambacho shemeji alikuwa anakilipia zaidi, utulivu wa moyo, pengine hauuzwi kwa mtu wa aina yake. Wakala wa yadi alijua wanastaafu. Alijua wanauza nyumba. Hakulitaja.

Hata waranti ikikubali, haina mwenye mali mmoja. Kwenye gari-nyumba lenye injini, kampuni ya injini na chesisi inajibu habari za injini na chesisi, aliyejenga nyumba juu yake anajibu habari za nyumba, na friji ina mwenyewe. Kila mmoja anaweza kukunyooshea kidole kwa mwenzake. Sheria za kumlinda mnunuzi wa gari bovu hutofautiana jimbo kwa jimbo, na katika majimbo kadhaa haziigusi sehemu ya kuishi. Kisha kumbuka jambo ambalo mtu wa likizo halimpati: chombo chako kikilazwa gereji wiki tano kusubiri spea, nyumba yako ndiyo imelazwa. Utalala hotelini, au kwa mtoto wako, kwenye kochi, na mbwa.

Na chombo kipya kinalazwa. Wenye uzoefu huuchukulia mwaka wa kwanza kama mwaka wa kukitikisa: bawaba zinaachia, bomba linadondosha, ile sebule inayochomoka ubavuni kama droo inakwama nusu. Sehemu kubwa ya RV za Marekani hutengenezwa kaskazini mwa Indiana, jimbo la jirani na letu, katika mji wa Elkhart na viunga vyake, nyingi chini ya makundi matatu: Thor, Forest River na Winnebago. Majina ubavuni ni mengi kuliko wenye viwanda. Kazi kubwa ni ya mikono, na inakwenda kwa kasi. Mwaka 2021, korona ilipowafanya watu waogope hoteli na ndege, viwanda vilisafirisha RV 600,240, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa. Mwaka 2023 zilikuwa 313,174. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya zamu anajua ubora wa kazi unakuwaje bosi anapotaka mara mbili kwa muda uleule.

Kinachonitisha zaidi ni hesabu. Nilimwandikia mume kwenye bahasha. Chukua tela la dola 80,000, bila malipo ya awali, riba ya asilimia 8, miaka 20. Kila mwezi ni dola 669. Ukimaliza, umelipa dola 160,000 na ushei. Tuseme una miaka 66. Ukifika 71, goti limekataa ngazi, mnaamua basi, mrudi kwenye nyumba ya matofali. Miaka mitano mmelipa zaidi ya dola 40,000, na bado mnadaiwa takriban dola 70,000. Tela lenyewe je? Wenye biashara hii husema RV mpya hupoteza kiasi cha moja ya tano ya bei mwaka wa kwanza, na kwa miaka mitano halitakuwa ajabu likibaki na nusu. Yaani unauza kwa 40,000 na kutafuta 30,000 nyingine ili uruhusiwe kuachana nalo. Mume aliiangalia ile bahasha muda mrefu. Nadhani ndipo alipopata sababu yake ya kweli ya kupenda la mkononi, na haikuwa Corolla.

Lakini la mkononi si bei tu, na hapa yeye ndiye aliyehitaji kupozwa.

Tulikwenda watatu kuangalia tela la mwaka 2019, kubwa, la kushikwa kwenye sahani juu ya pikapu kama lori linavyoshika semi-trela. Bei ilikuwa chini ya nusu ya lililomvutia shemeji yadini. Mwenyewe, mzee wa Kimarekani mpole, alikuwa amelifua likang'aa, na ndani kulikuwa na harufu ya lavenda kali mno. Mume alikuwa tayari amepiga picha za kutuma Tanga.

Mimi nilianza chini. "Matairi bado mapya," mwenyewe alisema, na ni kweli kashata zilikuwa ndefu. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mfululizo huishia na tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ilisomeka 2319. Wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela linalobeba nyumba huliangalii kashata, unaliangalia umri. Likipita miaka mitano, sita, liko kwenye deni, na likipasuka kwa mwendo hung'oa sakafu na mabomba ya juu yake. Hizo ni dola mia kadhaa, tena zinalipika, kwa hiyo sikusema kitu bado.

Paani niligusa gundi ya kuzibia kuzunguka matundu ya hewa. Ilikuwa na nyufa kama udongo wa mtoni wakati wa kiangazi. Gundi hiyo hukaguliwa kila miezi michache, na huyu bwana nina shaka kama aliwahi kupanda. Nikashuka, nikanyanyua godoro, nikafuata kona hadi nyuma ya bafu, ambako muuzaji alikuwa ameweka kikapu kizuri cha taulo. Nikakisogeza na kubonyeza ukuta kwa kidole gumba. Uliingia ndani kama mkate uliolowa chai. Kwa nje, usawa uleule, ubavu ulikuwa na uvimbe mdogo usiouona mpaka usimame pembeni jua likiwa chini: bamba la nje limeachana na mbao yake. Hapo lavenda ikaeleweka.

Shemeji hakusema "nilikwambia". Aliangalia kile kidole changu tu.

Hiyo ndiyo hatari ya la mkononi, na kuhesabu tu vitu vya kukarabati hakutakuokoa. Matairi, betri, friji, godoro, vyote hubadilishwa. Ukuta uliooza unaweza kugharimu kuliko thamani ya chombo chenyewe. Ndiyo maana ninawashauri watu wamlipe mkaguzi aliyesomea kazi hiyo, hata ikiwa ni dola mia kadhaa hadi zaidi ya elfu kwa chombo kikubwa, na wasimtegemee dereva wa lori mstaafu. Ninawashauri pia waogope majina yaliyokufa. Fleetwood na Monaco zote ziliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2009, na kutafuta spea za pekee za nyumba zao za enzi hizo ni ibada.

Vilevile waogope RV za ule wingi wa 2021 na 2022. Zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia kwa sababu wenyewe wamekwama kwenye ile hesabu ya bahasha. Zina haraka zote za kiwandani na waranti imekwisha, kwa hiyo mnunuzi anarithi mabaya ya pande zote mbili.

Ninachokitafuta mimi ni chombo cha miaka minne hadi minane ambacho mwenyewe aliishi ndani yake. Watu hustuka nikisema hivyo, hasa wanaotafuta kilichotumika wikendi mbili kwa mwaka. Lakini anayeishi ndani huisikia tone la kwanza usiku uleule. Na mara nyingi ameshaongeza vitu ambavyo bei ya kuuzia haimrudishii: paneli za sola, betri za lithiamu, matairi ya daraja la juu, kipoza hewa cha pili. Ukitaka kupiga kambi majira ya baridi kwenye ardhi ya serikali kuu huko Quartzsite, Arizona, ambako kibali cha msimu huanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 na sehemu za kuegesha hazina umeme, hivyo ndivyo vitu vitakavyokuweka. Chombo kipya kutoka yadini utaanza kuvinunua wewe.

Bado kuna watu ningewaambia wanunue jipya. Mjane asiye na fundi wa kumwamini. Mwenye fedha taslimu ambaye kupoteza nusu ya thamani hakutamnyima dawa. Aliyesoma kijitabu na kukuta waranti inayokubali makazi, na yuko tayari kukaa mwaka wa kwanza jirani na yadi iliyomuuzia badala ya kukimbilia jangwani. Na wenzetu wanaorudi Dar au Mombasa miezi mitano kila mwaka? Kwao sina jibu la haraka. Jipya litashuka thamani likiwa limefunikwa turubai, la zamani litavuja likiwa limefunikwa turubai. Labda wao wakodi.

Jumamosi ijayo tunakwenda Kentucky kuangalia jingine, la mwaka 2020 mwanzoni, la wanandoa walioishi ndani miaka mitano na kuweka daftari la kila walichoziba. Shemeji amenunua kipima unyevu chake mwenyewe, kile chenye pini mbili, na ameshakijaribu kwenye kuta zote za nyumba yake. Godoro pia ameshalichagua.