Presha haisubiri mavuno

Ukitaka kujua nani Mbeya ameacha dawa za presha, usiulize mwezi wa Julai. Julai mahindi yapo ndani, mifuko ina chochote. Uliza Januari, mbolea ikiwa imemeza akiba na ada za shule zinadai. Hapo vidonge humezwa leo, kesho vinarukwa, mwisho vinaisha na hakuna anayekwenda duka la dawa. Na kwa kuwa presha mara nyingi haiumi, mtu anajiona amepona.

Kliniki humuuliza mgonjwa, "Mama, dawa unameza?" Anaitikia, foleni inasogea. Swali hilo halitoshi. Watafiti wanaopitia kumbukumbu za uchukuaji dawa hutazama mwenendo wa miezi mingi, maana watu wawili wanaweza kumeza nusu ya dozi za mwaka kwa namna tofauti kabisa: mmoja aliacha moja kwa moja Juni, mwingine anarukaruka mwaka mzima. Wa kwanza anahitaji kutafutwa, wa pili pengine anahitaji pesa tu. Wala si ushamba wetu: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2003 kwamba hata nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata tiba.

Kweli, anayemeza vizuri hutumia zaidi dukani. Lakini kiharusi kinacholetwa na presha kina bili zake: kitanda, vipimo, nauli za ndugu kutoka Chunya, binti anayefunga genge lake Mwanjelwa ili amuuguze mzazi. Hiyo ya genge haiandikwi popote. Kwangu mimi, hasara kubwa iko kwa mmezaji wa nusunusu, anayelipia dawa na bado anaweza kuanguka.

Nyanda hizi za Juu Kusini tunajua la kufanya, VVU vilitufundisha. Kliniki ya ARV ina tarehe ya kurudi, asiyetokea hupigiwa simu au kufuatwa nyumbani, aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa. Wa presha akipotea, nani anamtafuta?

Mtaniambia ARV ni bure, wafadhili wanalipa. Sawa. Ila tangu 2023 tuna sheria ya bima ya afya kwa wote, na bima itakayolipia kiharusi haiwezi kukwepa bei ya vidonge. Ianze na dawa za miezi mitatu, zitolewe Novemba, kabla pesa haijaishia kwenye mbolea.