Utashi Huru Hauna Chama

Mtu ameshika kalamu juu ya mkataba wa mkopo wenye riba kubwa. Kuna walibertari, yaani watetezi wa uhuru wa mtu, wa aina mbili watakaomtazama, na kila mmoja ana swali lake.

Wa falsafa anauliza: malezi yake, ubongo wake na kanuni zote za maumbile zikibaki vilevile, je, angeweza kuiweka kalamu chini? Anajibu kwamba angeweza. Utashi wake ni huru, na kama yote yangekuwa yameshaamuliwa na yaliyotangulia, uhuru huo usingekuwepo. Wanafalsafa Roderick Chisholm na Robert Kane walitetea msimamo huu kwa miaka mingi.

Wa siasa hana habari na ubongo. Anauliza ni nani mwenye haki ya kumzuia asitie saini, na jibu lake ni hakuna, maadamu hajalazimishwa wala kulaghaiwa. Mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alikwenda mbali hadi kusema kutoza kodi jasho la mtu hakupishani na kumfanyisha kazi ya shuruti.

Kinachoniudhi ni pale swali la kwanza linapobebeshwa mzigo wa la pili: binadamu ana hiari, basi maskini amejitakia, basi serikali ikae kando. Hilo halifuati hata kidogo! Unaweza kuamini utashi huru na ukatetea kodi nzito. Unaweza pia kuukana, na bado ukaona dola haina ruhusa ya kuingilia maisha ya mtu.

Hata ndani ya siasa hawako pamoja. Joseph Déjacque, mwanaanarkia Mfaransa aliyejiita mlibertari mwaka 1857, aliipinga dola na mali binafsi kwa pamoja. Chama cha Libertari cha Marekani, kilichoundwa 1971, kinaitetea mali binafsi kwa nguvu zote.

Mzozo wa maana, kwangu, uko kwenye ardhi. Nozick alilikubali sharti la John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, kwamba anayejitwalia kitu asiwadhuru wengine, kisha akalilegeza mno. Hillel Steiner, mlibertari wa mrengo wa kushoto, anasema kila mtu anaumiliki mwili wake, lakini maliasili ni haki sawa ya wote, hivyo aliyetwaa zaidi ya fungu lake awafidie wengine. Niko na Steiner. Ardhi haikutengenezwa na mtu yeyote, na anayezaliwa leo hakuwepo ilipogawanywa.