Mbuzi watatu wa baba mkwe

Chanzo ni mwanangu wa kidato cha pili. Nilimkuta anamtumia kipa wa shule yao emoji ya mbuzi, nikavuta pumzi nimkanye. Akacheka. "Baba, siku hizi hiyo ni sifa."

Kumbe ni kweli. G.O.A.T. ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza, maana yake bora kuliko wote wa nyakati zote. Ukizisoma kwa pamoja, unapata "goat", yaani mbuzi. Bondia Muhammad Ali alizoea kujiita bora kuliko wote, na mwaka 1992 mkewe, Lonnie, akasajili kampuni ya kusimamia jina la mumewe, ikaitwa G.O.A.T. Mwaka 2000 mwanarap wa Marekani LL Cool J akaipa albamu yake jina hilohilo, na vijana wakalidaka. Cha ajabu, zamani kwenye michezo ya Marekani mbuzi alikuwa mchezaji aliyewaponza wenzake, yule wa kutolewa kafara. Ningeishia hapo kusoma, ningepona.

Jumamosi baba mkwe akatimiza miaka 70. Picha ikatua kwenye grupu la familia: kanzu nyeupe, kiti cha plastiki, mkongojo katikati ya magoti. Watu wanaandika "hongera baba". Mimi, mkwe msomi, nikaweka mbuzi watatu. Bila neno.

Grupu likapoa. Mke wangu akatoka jikoni, simu imejaa unga. "Umemwita baba mbuzi? Mara tatu?"

Kabla sijajitetea, ikaingia sauti ya mzee. Alianza kwa kukohoa. "Mkwe wangu, nimewaona. Watatu kamili. Nilisema mimi, huyu kijana ipo siku atakumbuka."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Mahari yangu ya 2009 iliandikwa kwenye daftari: mbuzi watano. Nilipeleka wawili.

Shemeji naye, mbio: "Majike au madume? Banda tumeshaanza kuliziba."

Nikampigia mzee. Shikamoo ndefu, kisha nikamweleza yote, herufi moja moja, Lonnie na kampuni yake. Alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja.

"Huyo Ali namkumbuka," akasema. "Alimwangusha Foreman Kinshasa, 1974, raundi ya nane." Akanyamaza kidogo. "Sasa hao mbuzi wanakuja na basi au na lori?"

Nilimtazama mke wangu. Akageuza uso.

"Na lori, baba."